Mjadala: Je, yoga inaweza kumpa mtu manufaa ya kiroho bila kugusa imani yake?

Mtoa hoja:

Ndugu wachangiaji, naomba kuiweka hoja hii mezani. Wako wanaosema kwamba yoga ni mazoezi ya viungo tu, hivyo muumini wa dini yoyote anaweza kuyafanya bila wasiwasi, na wako wanaosema kwamba ni ibada iliyovalishwa nguo za mazoezi. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinagombania mikao ya mwili, ilhali mikao ni sehemu ndogo sana ya jambo lenyewe. Anayetaka mazoezi matupu ana haki ya kuyataka, lakini asiwaahidi watu utulivu wa roho kwa mikao peke yake. Na anayeahidi utulivu wa roho anapaswa kutamka wazi ni njia ipi anayowapitisha wanafunzi wake.

Tutazame misingi. Yoga Sutra, matini yanayonasibishwa na Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, yana kanuni fupi zisizofika 200, na ndani yake imeelezwa njia yenye sehemu nane. Sehemu ya kwanza, yama, ni makatazo: kutodhuru kiumbe, kutosema uongo, kutoiba, kujizuia na tamaa za mwili, na kutojilimbikizia mali. Ya pili, niyama, ni mambo ya kushikamana nayo: usafi, kuridhika, kujinyima, kusoma maandiko huku mtu akijichunguza, na kujikabidhi kwa Ishvara, yaani Bwana. Ni baada ya hayo ndipo unapokuja mkao, kisha kuitawala pumzi, kuziondoa hisi kwenye vinavyozivuta, kuikaza fikra mahali pamoja, tafakuri, na mwisho samadhi, hali ambayo mwenye kutafakari hajioni tena kuwa mbali na kile anachokitafakari. Kuhusu mkao, Patanjali ametumia kanuni tatu tu, na anachotaka ni kwamba uwe thabiti na usiomtesa mtu. Hakuna mahali anapomwagiza mtu asimame kwa kichwa.

Mikao mingi tunayoiona leo ilitoka kwingine. Baadhi imo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, na mtiririko wa mazoezi uliozoeleka sasa ulipata sura yake katika karne ya 20, hasa kwa mwalimu Krishnamacharya, aliyefundisha Mysore, India, katika miaka ya 1930 kwa ufadhili wa mtawala wa huko. Wanafunzi wake, wakiwamo B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi, ndio walioisambaza duniani. Huyo wa mwisho alifungua darasa Hollywood, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo anayeogopa kila mkao kwa kudhani ni ibada ya kale, na anayeuza kila mkao kwa jina la hekima ya kale, wote wawili wanaupa umri usio wake.

Sasa, manufaa ya kiroho yanapatikana wapi? Mchukue mtu aliyeketi, mgongo umenyooka, akihesabu pumzi kutoka moja hadi kumi. Akifika ya nne, mawazo yameshakwenda kwa bosi wake na maneno makali ya jana. Anagundua, anarudi kwenye moja. Akifika ya sita anajikuta anatunga jibu ambalo angempa. Anarudi tena. Akidumu na zoezi hilo kwa miezi, anaanza kuiona hasira inapochipuka, kabla haijafika mdomoni, na hapo anapata nafasi ya kuchagua. Lakini kama asubuhi hiyo amemdhulumu mtu, atakaa na dhuluma yake, na hakuna pumzi itakayoifuta. Ndiyo maana makatazo yametangulizwa, na ndiyo maana darasa linalorukia mikao na pumzi moja kwa moja huzaa watu wepesi wa viungo ambao bado ni wakali majumbani mwao.

Mchangiaji:

Nashukuru kwa maelezo, lakini kuna mahali umepita haraka mno. Kutodhuru, kutosema uongo na kutoiba tumeshaamrishwa na dini zetu. Hatuhitaji kuyafuata kwa Patanjali. Kujikabidhi kwa Ishvara nako umekutaja kwa maneno machache, wakati ndiko kiini cha ubishi wenyewe. Zaidi ya hayo, sisi tunaosujudu na kupiga magoti tunajua kwamba mwili hausemi uongo: ukiuinamisha kila siku, moyo hufuata. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 halikuwakataza Waislamu yoga kwa kuchukia afya. Hata jimbo la Alabama, Marekani, lililoipiga marufuku katika shule za umma mwaka 1993, lilipoilegeza mwaka 2021 lilibakiza katazo la kuimba mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na la kusema namaste, salamu ya Kihindi.

Mtoa hoja:

Ndugu yangu, hoja ya mwili ni nzito, na siipuuzi. Hata hivyo, anayepiga magoti kutafuta sindano iliyoanguka chini ya kitanda hajaswali. Mwili huuvuta moyo pale ambapo neno na nia vimeshauelekeza, na mifano uliyoitoa inalithibitisha hilo: Alabama wamezuia maneno, wakaiacha mikao. Baraza la Maulamaa la Indonesia, mapema mwaka 2009, nalo lilitenganisha yoga yenye mantra na ibada, ambayo lilikataza, na ile ya mazoezi pekee. Barua ya Vatican ya mwaka 1989 kuhusu tafakuri ya Kikristo, pamoja na maonyo yake mengi, haikuzikataa njia za Mashariki kwa sababu tu si za Kikristo.

Kuhusu Ishvara, umenibana mahali panapostahili. Patanjali hamwelezi kuwa muumba wa ulimwengu; anamweleza kuwa nafsi ya pekee isiyoguswa na mateso wala matokeo ya matendo, na katika sura ya kwanza kujikabidhi kwake kumetajwa kama njia mojawapo ya kufikia utulivu, si njia pekee. Nafasi hiyo basi ina upana fulani. Ila upana huo ndio unaonipa swali ambalo ningependa wewe na wengine mlijibu: muumini anayeketi, akaituliza pumzi, kisha akajikabidhi kwa Mungu wake mwenyewe kwa maneno ya dini yake, je, amefanya yoga, au amefanya sala yake ileile akiwa amenyoosha mgongo? Na kama ni sala yake, mwalimu wa yoga alimfundisha nini ambacho kiongozi wake wa dini hakuwa amemfundisha?