Tovuti ya mtu mwenyewe au kurasa za mitandao ya kijamii: kazi igawanywe vipi?

Mjenzi wa Tovuti

Ndugu wanajukwaa, kazi yangu ni kujenga na kutunza tovuti, na siku hizi wateja wananiuliza kwa nini walipie jina la kikoa (anwani ya tovuti) na seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti) ilhali ukurasa wa Facebook au Instagram hufunguliwa bure, tena huko ndiko waliko wasomaji wao. Sipendi kuwajibu kwa kutetea ajira yangu. Mitandao hiyo imenifaa sana, kwani mengi niliyojifunza kuhusu usanifu nimeyapata kwa watu ambao nisingewafahamu kwa njia nyingine. Hata hivyo, naamini kwamba maandishi yanayokusudiwa kudumu hayapaswi kukaa mahali pamoja tu, hasa pale ambapo mwandishi hana mamlaka yoyote. Ninyi mnawashauri nini? Kipi kiwekwe kwenye tovuti, kipi kiachiwe mitandao, na ni zana zipi za kuunganisha pande hizo mbili ambazo mmeziona zikidumu?

Mhifadhi wa Kumbukumbu

Historia ya fani yetu inalijibu swali lako kwa kiasi kikubwa. GeoCities, huduma ya kutengeneza tovuti bure ambayo Yahoo iliinunua mwaka 1999, ilibeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi. Ilipofungwa mwaka 2009, sehemu kubwa ya kilichosalia ilisalia kwa sababu Internet Archive, shirika la kuhifadhi kurasa za mtandao, na watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili kurasa hizo kabla seva hazijazimwa. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa mwaka 2017. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, ingawa ilimilikiwa na kampuni isiyopungukiwa na fedha wala wataalamu. Mwaka huohuo MySpace, mtandao wa kijamii uliopendwa na wanamuziki, ilikiri kwamba, katika kuhamisha data, ilikuwa imepoteza muziki uliopakiwa kwa takriban miaka 12. Hili la MySpace ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa mtandao wenyewe haukufungwa: kurasa za wanamuziki zilibaki, nyimbo hazikuwemo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwangu mimi daftari ni nakala ya kila chapisho katika faili za kawaida, kama vile HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) au maandishi matupu, ambazo kompyuta yoyote inaweza kuzifungua. Ndiyo maana huwashauri wateja wachapishe kwanza kwenye tovuti yao, kisha wapeleke muhtasari na kiungo mitandaoni. Makala, taarifa rasmi na picha zenye thamani ziwe na makao kwenye tovuti; mazungumzo ya siku yaachiwe mitandao.

Mratibu wa Maudhui

Nakubaliana nawe kuhusu nakala, lakini naomba tusiitukuze tovuti kupita kiasi. Tovuti nazo hufa, tena kimyakimya: jina la kikoa lisipolipiwa kwa wakati linaweza kusajiliwa na mtu mwingine, programu isiposasishwa hudukuliwa, na mara nyingi anayejua nywila ni fundi mmoja tu ambaye ameshaondoka. Isitoshe, ushauri wa kupeleka kiungo haufai kila mahali. Kiungo kilichoandikwa katika maelezo ya picha kwenye Instagram hakibofyeki, na hata kwingineko wasomaji wengi hawapendi kutoka pale walipo. Kwa hiyo mimi huandika chapisho la mtandaoni likijitosheleza, ili asiyebofya asikose jambo la msingi.

Hatari ninayoiona kubwa zaidi ni kupoteza njia ya kuwafikia wasomaji. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko yale ya biashara na vyombo vya habari, na mwenye ukurasa hakuwa na sauti katika uamuzi huo. Wafuasi walibaki palepale, lakini kuwa na mfuasi hakukuwa tena sawa na kusomwa naye. Orodha ya barua pepe za waliojiandikisha kwa hiari haina tatizo hilo.

Fundi wa Seva

Kuhusu zana zinazodumu, tutenganishe programu na kiwango cha wazi, yaani kanuni za kiufundi ambazo programu yoyote inaweza kuzitumia. Google Reader, programu ya kusomea milisho (orodha za machapisho mapya ya tovuti), ilifungwa Julai 2013, lakini RSS, kiwango cha kutengenezea milisho hiyo kilichoanza mwaka 1999, inaendelea kufanya kazi. Waliokuwa wakiitumia programu ile walihamisha orodha zao za milisho na kuendelea kusoma kwingine, na podikasti bado husambazwa kwa njia hiyo. Kwa mitandao ya kijamii tunayo ActivityPub, kiwango cha kuunganisha mitandao tofauti, kilichoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018 na kutumiwa na Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa kwenye seva nyingi za watu mbalimbali. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti na blogu, ina programu-jalizi (nyongeza) inayoiwezesha blogu kufuatwa moja kwa moja kutoka Mastodon.

Njia hii nayo ina upungufu wake. Ukihama seva ndani ya Mastodon, wafuasi wako huhamishwa, lakini machapisho ya zamani hubaki ulikotoka. Kwenye mitandao mikubwa mambo ni kinyume: unaweza kupakua machapisho yako, ila wafuasi hubaki huko. Mteja ajaribu kupakua hifadhi yake, yaani nakala ya machapisho yake yote, sasa, angali na akaunti, kisha aifungue na kuangalia kama picha na tarehe zimo.

Mjenzi wa Tovuti

Nawashukuru sana. Nitaandika katika mikataba kwamba jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la mteja mwenyewe, wala si langu, na kwamba hifadhi za mitandao zipakuliwe kila robo mwaka. Limebaki jambo moja: majibu ya wasomaji chini ya machapisho, ambayo wakati mwingine yana maarifa kuliko chapisho lenyewe, je, tuyanakili pia kwenye tovuti?

Mhifadhi wa Kumbukumbu

Msiyachapishe bila idhini. Aliyeandika pale alikusudia mahali pale, na huenda kesho akataka kulifuta jibu lake. Mwombeni ruhusa, akikubali, mnukuuni kwa jina analolitaka yeye, na akikataa, elezeni hoja kwa maneno yenu bila kumtambulisha.