Mjadala: Mtunzi akiondoka kazini, muziki wake ubaki wa nani?

MTOA HOJA
Jim Johnston aliingia katika kampuni ya mieleka ya WWF, ambayo leo ni WWE, mwaka 1985, akawatungia wanamieleka muziki wa kuingilia ulingoni kwa zaidi ya miaka 30, hadi walipoachana mwaka 2017. Yeye ameondoka, muziki umebaki. Naomba tujadili kama utaratibu huo ni wa haki.

Mwanamieleka Undertaker alipokuwa akiingia, taa zilizimwa, kengele ikagonga, na jitu lenye kofia pana na koti refu jeusi likatembea taratibu kuelekea ulingoni bila kufungua kinywa. Ondoa muziki hapo, utabaki na mtu mrefu anayetembea gizani. Kwa Steve Austin ilitosha sekunde moja: kioo kinapasuka, na ukumbi mzima umeshasimama kabla gitaa halijashika kasi. Mimi hunishangaza zaidi Mankind, aliyeingia kwa sauti nzito za kuogofya na, pambano likiisha, akasindikizwa na piano tulivu kana kwamba wazimu umempungua. Mhusika wa namna hiyo nusu yake imeumbwa na mtunzi.

Sheria ya Marekani humruhusu mtunzi aliyeuza haki zake kuzidai tena baada ya miaka 35, lakini kazi ya mwajiriwa imetengwa, kwa sababu mwajiri ndiye anayehesabiwa kuwa mtunzi tangu mwanzo. Ufaransa, mkataba wa ajira peke yake haumwondolei mtunzi wa muziki haki yake. Naona huko wamefikiri vizuri zaidi.

JIBU
Ndugu mtoa hoja, kazi umeieleza vizuri, ila mshahara umeusahau. Wako wanamieleka wengi waliotungiwa muziki wakapotea baada ya miezi michache, na mtunzi alilipwa kwa hao pia. Hasara ilikuwa ya kampuni. Tena huo muziki wa Undertaker umekopa wimbo wa mazishi uliotungwa na Chopin, mtunzi wa Poland aliyefariki mwaka 1849, na mwanamieleka Gorgeous George, miaka ya 1940, aliingia ulingoni kwa muziki wa Elgar, mtunzi wa Uingereza, bila kumwajiri mtunzi yeyote. Mwanamieleka ndiye anayeupa muziki uhai. Bila yeye, nani angeusikiliza?

MTOA HOJA
Waliusikiliza, ndugu yangu. Mwaka 2001 albamu ya tano ya muziki huo ilifika nafasi ya 2 katika chati ya albamu ya Billboard huko Marekani, na kwenye santuri hakuna mtu anayepigwa mwereka.

Kuhusu Chopin, kazi yake sasa ni mali ya kila mtu, na yeyote anaweza kuichukua akajengea juu yake. Mtunzi mwajiriwa ndiye asiyeweza: akitaka kuitia kazi aliyoitunga mwenyewe katika filamu, sharti aombe ruhusa kwa aliyekuwa mwajiri wake. Hoja ya hasara naikubali, na ndiyo maana sidai haki zote ziwe zake tangu siku ya kwanza. Nauliza tu hivi: aliyeuza wimbo wake kwa hiari amewekewa miaka 35 ya kungoja kisha anaweza kuudai, naye huenda alilipwa fedha nyingi kuliko mshahara wa mwajiriwa. Kwa nini mwenzake aliyeajiriwa asiwekewe hata miaka 50?