Jeki gani inafaa Probox kwa njia za mchanga, ya makasi, ya chupa au ya troli?

ngomeni_kwetu
Assalamu aleikum ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nna Probox, kila alfajiri natoa samaki Ngomeni napeleka Malindi. Juzi nimepata pancha ya tairi ya nyuma sijafika Gongoni, pale penye mchanga mwingi, na kreti za samaki na barafu zimejaa ndani. Nikatoa ile jeki ya makasi iliyokuja na gari nikaanza kupiga, tairi ikaanza kuachana na chini, mara naona jeki yenyewe inazama mchangani halafu ikalala upande, gari ikaja chini puu! Alhamdulillahi tairi nlikuwa sijaitoa na mkono haukuwa chini. Lakini parafujo ya jeki imepinda na barafu yote iliyeyuka nikingoja kijana wa boda akanitafutie jeki ya kuazima. Sasa dukani wananambia chukua ya chupa, ile ya mafuta inayosimama wima, ya tani 5 utasahau shida, rafiki yangu naye anasema troli, ile ya magurudumu, ndio kila kitu. Nichukue ipi jamani? Pesa ya kununua mara mbili sina.

fundi_barani
Waleikum salaam, pole sana ndugu yangu, mshukuru Mungu hukuumia. Hiyo tani 5 iweke kando. Probox tupu ni tani 1 na kidogo, imetengenezwa kubeba kilo 400, na jeki haiinui gari zima, inainua kona moja tu, kwa hivyo ya tani 2 inakutosha na nyingine inabaki. Wanaoletwa hapa kwangu wamekwama karibu wote wamekwamishwa na kimo. Jeki za chupa za tani 2 nyingi hata ukizishusha mpaka mwisho bado zina kama sentimita 18, na za tani 5 ni ndefu zaidi. Dukani gari ina upepo inaingia vizuri unafurahi unalipa, sasa ngoja tairi ilale na mzigo uko nyuma, hiyo nafasi haipo tena, utachimba mchanga kwa mikono saa kumi na moja alfajiri. Fanya hivi, ukiwa umepakia mzigo toa upepo tairi moja ya nyuma, chukua rula pima toka chini mpaka ule ukingo wa bati chini ya mlango, pale penye vijikato viwili mbele kidogo ya tairi ya nyuma. Namba utakayopata ndio uende nayo dukani.

Na kitu kingine, kichwa cha jeki ya chupa ni kidogo cha duara, ukikiweka kwenye ule ukingo kinaukunja au kinateleza. Ya makasi ina mfereji juu, ukingo unaingia pale unakaa. Mimi ningekwambia makasi tena, lakini ile nzito yenye kitako kipana, si hiyo nyepesi uliyokuwa nayo. Angalia pia inapanda hadi wapi, maana speya yenye upepo inataka nafasi zaidi kuliko tairi iliyolala, wengi wanatoa tairi vizuri halafu speya haiingii.

dereva_wa_mokowe
Fundi amesema kweli kwa Probox. Mimi nnaendesha Hiace, Mokowe Malindi kupitia Witu na Garsen, na natumia ya chupa kwa sababu gari yangu iko juu na kuna chuma kizito cha kuiwekea. Ila chupa ina masharti yake, ibebe imesimama wima umeifunga kamba, ukiilaza inavuja mafuta na hewa inaingia, siku unaihitaji unapampu mara ishirini haipandi hata kidole, nshapatwa na hilo usiku karibu na Garsen na abiria ndani.

Troli kwa njia zako sikushauri kabisa kaka. Ule mkono wake ukipanda unazunguka kama upinde, kwa hivyo zile gurudumu lazima zitembee kidogo kufuata gari. Kwenye sakafu ya simiti sawa, mchangani zinashikwa, kichwa kinaanza kuvuta gari pembeni na hapo ndipo linapoteleza.

Lakini jeki yoyote utakayonunua, nunua na ubao. Mimi nna kipande cha mbambakofi nlichokatiwa na fundi wa jahazi, sentimita 30 kwa 30, unene vidole vitatu, miaka sasa na hakijapasuka. Plaiwudi nyembamba usijaribu, inavunjika katikati. Na kabla hujaweka ubao futa ule mchanga mkavu wa juu kwa kiganja mpaka ufike wa chini wenye unyevu ulioshikana, halafu ubao ulale sawa, usiwe na upande umeinuka.

mama_gede
Mwanangu pole. Mimi naendesha Vitz na tairi nabadilisha mwenyewe, nikuongezee machache. Mzigo shusha kwanza, najua unaona barafu inayeyuka lakini kreti zikiwa chini jeki haiteseki. Nati zilegeze nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ukizilegeza likiwa juu unalitikisa lianguke. Hendibreki inashika matairi ya nyuma, na wewe ukiinua la nyuma limebaki moja tu, kwa hiyo weka mawe mbele na nyuma ya tairi la mbele upande wa pili. Halafu speya iingize chini ya gari pembeni ya jeki, likija chini liangukie tairi lisikuangukie wewe, ukishatoa bovu badilishana nalo. Na zile laifseva zako mbili, zile pembetatu nyekundu za tahadhari, zitoe uziweke mbali barabarani, alfajiri malori ya chumvi hayakuoni.

ngomeni_kwetu
Shukran sana nyote, mama shikamoo na ahsante. Nimepima jana na mzigo, tairi imelala, sentimita 15! Ya chupa ilikuwa haiingii kabisa. Nimepata makasi ya tani 2, ikikunjwa ni sentimita 10, kitako kama kiganja changu kilichofunguliwa. Ubao nimekatiwa na mzee anayetengeneza mashua hapa kijijini, kakataa pesa. Fundi, maji ya samaki yanadondoka mpaka kwenye buti, jeki si itaoza?

fundi_barani
Itaoza upesi, yale maji yana chumvi. Usiiweke chini ya kreti, ifunge kwenye gunia nyuma ya kiti cha dereva isirukeruke. Kila mwezi ifungue mpaka mwisho, pangusa, paka grisi parafujo nzima toka ncha hadi ncha, halafu ikunje. Na ile speya ipime upepo leo leo.

ngomeni_kwetu
Nimeipima sasa hivi, haikuwa na upepo hata kidogo. Naipeleka kujazwa kabla ya magharibi.