Historia ya sanaa, maigizo, ngoma na fasihi Gredi ya 10: muanzie wapi?

Mwalimu_Umoja:
Habari zenu walimu. Nafundisha Gredi ya 10, mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi ni hamsini hivi, kipindi ni dakika 40 na projekta hakuna. Natakiwa niwape msingi wa historia ya uchoraji na uchongaji, maigizo, ngoma na fasihi. Vitabu vingi vinaanzia Ugiriki, vinapita Roma na Ulaya, halafu Afrika inatupiwa kurasa chache mwishoni. Watoto wanakariri miaka, mtihani ukipita wamesahau. Je, sanaa hizi nifundishe moja moja au kwa pamoja? Na zisizo na tarehe, kama ngoma na masimulizi, ziwekwe wapi?

KalamuYaLangata:
Fundisha kwa pamoja, mwalimu, na ugawanye kazi kwa vipindi vya wakati. Ukimaliza fasihi yote ndipo uingie ngoma, mwanafunzi hatajua kwamba mambo hayo yalikuwa yakitokea mji mmoja, mara nyingine kwa watu wale wale.

Chukua 1965 hadi 1977 hapa hapa Nairobi. Mwaka 1965 Elimo Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwemo, iwe ndiyo kitovu cha masomo. Bomas of Kenya, kituo cha maonyesho ya ngoma za asili, ilianzishwa 1971. Mwaka 1976 igizo la Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi lilipanda jukwaa la Kenya National Theatre. 1977 ni igizo la wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Hapo una uchoraji, fasihi, ngoma na maigizo katika miaka kumi na miwili, na swali moja linalopita kote: nani ana haki ya kuamua sanaa ya nchi hii iwe vipi? Mtoto akilishika swali hilo, miaka itamkaa kichwani bila kukaririshwa.

Kwa picha nzima tumia kamba ya katani ya mita 6 ukutani, sentimita 2 kwa mwaka, kuanzia 1728, mwaka unaotajwa kwa Utendi wa Tambuka. Utendi wa Mwana Kupona (1858) unaangukia mita 2.6. Kenya National Theatre (1952) inaangukia mita 4.48 na Kamĩrĩĩthũ mita 4.98. Utaona tatizo papo hapo: kadi ya manila yenye upana wa sentimita 15 inafunika zaidi ya miaka saba, kwa hiyo baada ya 1950 kadi zinapandana. Usiibe vipimo ili zitoshee, maana ukishafanya hivyo kamba inadanganya. Tundika ya pili chini yake, mita 3, sentimita 20 kwa mwaka, 1965 hadi 1980 pekee. Vibanio vya nguo ni bora kuliko gundi, kwa sababu kadi zitahamishwa kila wiki.

Kazi zisizo na tarehe ziandike kwenye kadi za rangi nyingine, uzitundike juu ya kamba bila kuzibana kwenye mwaka wowote. Chini ya kadi andika mwaka ambao ushahidi umeandikwa. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, kwa mfano, iliingizwa 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Usiposisitiza, nusu ya darasa itaandika kwamba Isukuti ilianza 2014. Wala usiwaandikie "tangu enzi na enzi", kwa sababu maneno hayo yanamfanya mtoto aamini kwamba ngoma haijawahi kubadilika.

JukwaaHuria:
Naunga mkono, ila kwa maigizo usiishie kwenye kadi. Historia ya maigizo ni historia ya mahali watazamaji walipokaa, na hiyo unaweza kuifundisha kwa madawati na chaki.

Chagua onyesho la dakika tano lenye wahusika watatu au wanne. Mara ya kwanza panga viti safu safu vikitazama upande mmoja, kama ukumbi wa Kenya National Theatre ulivyo. Mara ya pili toka uwanjani, chora duara la hatua nane kwa upana, watazamaji walizunguke. Maneno yawe yale yale. Kisha waulize nini kimelazimika kubadilika.

Kwenye duara mambo mawili huharibika kila mara. Kwanza, waigizaji wote wanajikuta wanamwelekea mwalimu, kwa hiyo simama sehemu tofauti kila onyesho likirudiwa. Pili, anayeonekana mgongo hasikiki. Mwambie ageuke kila baada ya sentensi mbili, na wahusika wasisimame uso kwa uso bali mshazari, ili kila upande uone angalau uso mmoja.

Baada ya hapo ndipo uwasimulie Kamĩrĩĩthũ: jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe, igizo la Kikuyu la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kibali kufutwa Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o kukamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huo, na ukumbi wenyewe kubomolewa 1982. Waliokwisha kusimama ndani ya duara wataelewa kwa nini serikali iliuogopa ukumbi kiasi cha kuubomoa.

Tahadhari kuhusu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969): wanafunzi huichukua kama ripoti ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hussein mwenyewe ameeleza kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Waanze kwa kusoma utangulizi.

Mama_Ngoma:
Mwalimu, mimi nakuomba sana usifundishe ngoma kwa kuangalia tu. Isukuti hutumia ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Huna ngoma? Gawa darasa makundi matatu: la kwanza likanyage pigo la msingi kwa miguu, la pili lipige makofi, la tatu lipige mapaja. Ingiza kundi moja moja, na usiliite linalofuata mpaka lililotangulia limetulia. Wakianza kukimbia, na watakimbia, rudi kwenye miguu peke yake. Fanyia uwanjani, kwa heshima ya darasa la jirani.

Kisha wape ngoma iliyosafiri. Beni ilianza Pwani miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za kijeshi, sare zao na vyeo vyao. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba hadi bara pamoja na askari na wapagazi. Wanafunzi wako wanapita Kariakor kila siku. Wapagazi wa vita hivyo walikuwa na kambi pale. Fuatisha na mwomboko wa Wakikuyu, wenye kodiani na karing'aring'a (pete ya chuma inayogongwa), unaochezwa wawili wawili. Asikilize mtoto ni kipi kimetoka Ulaya na ni kipi kimebaki cha kwao.

Mũthĩrĩgũ, ngoma ya nyimbo ya Wakikuyu ya 1929 na 1930, usiikwepe kwa sababu inahusu ukeketaji. Eleza wazi ugomvi wa makanisa ya kimisheni na waumini, na kwa nini serikali ya kikoloni iliipiga marufuku 1930. Ila msiiimbe: maneno yake yalitukana watu kwa majina. Isomwe kama ushahidi.

Ukiwapeleka Bomas, waambie kabla hawajakaa: wanachokiona kimepangwa kwa ajili ya jukwaa. Kikundi kimoja kinacheza ngoma za makabila mengi, muda umefupishwa, na mtazamaji hashiriki. Waandike tofauti hizo.

HatiNaVina:
Kuhusu fasihi, ongeza hati. Tendi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa kawaida hati hiyo haikutofautisha "e" na "i", wala "o" na "u"; "p" mara nyingi iliandikwa kama "b". Mwombe mwanafunzi aliyepita madrasa aandike "pembe" na "bimbi" ubaoni kwa herufi za kawaida za Kiarabu tu. Darasa litaona lenyewe kwa nini wahariri wawili wanaweza kuusoma ubeti mmoja tofauti.

Vina na mizani wapige kwa makofi: utenzi una mishororo minne ya mizani 8, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unabeba kina cha utenzi mzima. Kosa la kawaida ni kuhesabu "m" na "n" vibaya. "Mtu" ni mizani miwili, "mbuzi" pia miwili.

Na Ugiriki usiitupe, mwalimu. Iweke muhula wa pili. Akishajua duara la uwanjani, ukumbi wa mawe wa Epidauros hautamtisha.

Mwalimu_Umoja:
Asanteni sana. Safari moja tu ndiyo naweza kuombea pesa mwaka huu. Niende wapi?

KalamuYaLangata:
Katikati ya jiji, mwende kwa miguu. Anza Kenya National Archives, Moi Avenue: ghorofa ya chini ina vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais. Kisha Nairobi Gallery, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa 1913. Nayo ina mkusanyiko wa Murumbi. Malizieni Kenya National Theatre, Harry Thuku Road. Gawa watoto makundi ya kumi, kila kundi lichague kitu kimoja tu na likichore kwa dakika 15 kabla ya kusoma kibandiko. Peleka barua mapema, na uulize kama kalamu za wino zinaruhusiwa. Penseli ni salama zaidi. Jumatatu kadi za vitu hivyo ziende kwenye kamba.