Hizi koilova za "barabarani na traki" zimenitoa roho, nimechoka

Wakuu nimekaa na hasira wiki tatu nikasema nisiandike kitu, lakini leo nimeona jamaa mwingine anauliza achukue koilova gani (shokapu na springi zake kwa pamoja, unazoweza kushushia gari) gari yake ishike kona, na majibu ni yale yale, chukua hizi zina kliki 32 (hatua za kukaza na kulegeza shokapu), chukua zile zinashuka mpaka chini kabisa, nikasema hapana, huyu naye anaenda kupigwa kama nilivyopigwa mimi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Gari ni Toyota GT86. Naendea kazini kila siku na mara moja moja naingia nayo traki, uwanja wa mbio. Shokapu za kiwandani zilikuwa nzima kabisa, yaani ukiniuliza leo nilizitoa kwa nini sina jibu. Kilichokuwa kinanisumbua ni gari kulala kwenye kona na tairi za mbele kulika mabega ya nje. Nikamweleza muuzaji hivyo hivyo. Unajua aliniuliza nini? Swali moja tu: unataka ishuke kiasi gani. Hakuuliza nafunga tairi gani, hakuuliza barabara zangu zikoje, hakuuliza hata kama kuna siku nabeba mtu. Springi za kilo 8 mbele, kilo 8 nyuma (yaani kilo 8 kuibonyeza milimita moja), "hii ndo setapu ya barabarani na traki mkuu, wewe unageuza kliki tu". Na mimi bwege nikalipa.

Siku ya kwanza tu, tuta ambalo nalipita kila asubuhi, nikasikia gaa! kama mtu kapiga nyundo chini ya sakafu. Nikajipa moyo, ndo ugumu wa springi huo, nitazoea. Kumbe wala sio springi. Shokapu ilikuwa inafika mwisho inakalia ule mpira wa bampu stopu, unaozuia chuma kisigonge chuma. Hizi nilizouziwa unashusha gari kwa kuteremsha kikombe kinachokaliwa na springi peke yake, bodi ya chini ya shokapu hairefuki wala haifupiki, kwa hiyo kila milimita unayoshusha unaikata kwenye safari ya shokapu ya kwenda juu. Fundi kashusha milimita 40. Nilipokuja kupima mwenyewe, nikatoa springi nikapandisha gurudumu kwa jeki taratibu hadi shokapu iguse mpira, zilikuwa zimebaki milimita 18. Kumi na nane! Hiyo sio safari ya shokapu, hiyo ni unene wa kidole.

Na hapa ndo watu hawaelewi, wanadhani bampu stopu ni kelele tu. Ule mpira nao ni springi, tena springi inayokuwa ngumu ghafla. Uko katikati ya kona, gari imelala vizuri, mbele inagusa mpira, ugumu unaruka hapo hapo na tairi za mbele zinaachia, gari inaenda moja kwa moja wakati usukani umeukata. Ikigusa nyuma ndo balaa zaidi maana mkia unakutoka bila hodi. Mtu anakwambia "gari yako ina andastia, ongeza kliki". Kliki za nini sasa?

Halafu nikagundua gari bado inalala! Springi ngumu hivi na bado inalala kwenye kona, nikaona labda nimerogwa. Kumbe kwenye strati za MacPherson (shokapu za mbele za gari hii, ambazo ndizo pia zinalishikilia gurudumu kwa juu) ukishusha sana, mkono wa chini unaelekea juu ukiutazama kutoka kwenye bodi ya gari kwenda kwenye gurudumu, na ile roli senta, nukta ambayo gari inalala kuizunguka, inaporomoka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Umbali kati ya hivyo viwili unaongezeka, nguvu ya kulaza gari inaongezeka. Kwa hiyo sehemu ya ule ugumu niliolipia inatumika kuziba tatizo ambalo nimelitengeneza mwenyewe kwa kushusha. Zaidi ya hapo tai rodi, vile vyuma vinavyosukuma magurudumu ukikata usukani, nazo zimekaa pembe mbaya, gari ikipita kwenye bonde usukani unajivuta wenyewe.

Hiyo "kilo 8 kwa kilo 8" nayo ni usanii. Springi ya mbele imekaa kwenye strati, karibu inakwenda sawa na gurudumu. Ya nyuma iko ndani kwenye mikono, gurudumu likipanda milimita 10 yenyewe inabonyea tuseme 7. Ugumu unaofika kwenye gurudumu unapatikana kwa kuzidisha ule uwiano kwa wenyewe, 0.7 mara 0.7 ni 0.49, halafu mara ugumu wa springi, kwa hiyo kilo 8 ya nyuma ikifika chini haifiki hata kilo 4, wakati ya mbele inafika na kilo 7 na ushee. Mbele ngumu karibu mara mbili ya nyuma halafu tunashangaa gari haigeuki. Hesabu ya darasa la saba hii, muuzaji hajui au hataki kujua.

Kliki sasa. Nilikomaa, nikazing'oa nikazipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kupimia dampa, yaani shokapu yenyewe bila springi. Kliki 32 zilizoandikwa, zinazobadilisha kitu cha maana ni kama 8 za mwisho upande wa kukaza, zilizobaki unageuza hewa. Kitufe ni kimoja, kinakaza kompresheni (shokapu ikibonyea) na rebaundi (ikirefuka) kwa pamoja, kwa hiyo ukitaka springi isikurushe rushe unalazimika kukubali na kugongwa na kila shimo. Lakini kilichoniua nguvu ni hiki: hata kwenye hizo 8, kliki ile ile ya kushoto haikuwa sawa na ya kulia. Mpya hizo! Nimeendesha miezi miwili gari ambayo kona ya kulia ni gari moja na kona ya kushoto ni nyingine, na nilikuwa najilaumu mimi sijui kuendesha.

Fundi naye namwachia Mungu. Kakaza boli za bushi zote gari ikiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia. Ile mipira imeungana na chuma, ukikaza hapo halafu ukishusha gari inabaki imejinyonga muda wote, inakuwa springi ya ziada hadi ichanike. Unakaza gari ikiwa imekalia magurudumu yake, hili hata mwanafunzi wa gereji anajua. Alaimenti, kupanga pembe za magurudumu, hakufanya, kasema "iko sawa tu boss", tairi mbili zimelika kwa ndani hadi nyuzi.

Traki sasa, maana ndo ilikuwa sababu ya yote. Sekunde moja na nusu POLEPOLE kuliko nilivyokuwa na shokapu za kiwandani, tairi zile zile. Sehemu ya kufunga breki ina mawimbi kidogo, gurudumu linaruka ruka, ABS inaingia mapema, nafunga breki mbali kama naendesha basi la shule.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake, nanukuu: "punguza kliki mbili mkuu utaipenda". Kurudisha hapana, eti zimeshafungwa.

Nilichofanya, nimerudisha shokapu na springi za kiwandani, nikafunga kemba pleti za mbele tu, zinazorekebisha kemba, yaani gurudumu kuinamia ndani au nje kwa juu, kemba ikaenda hadi nyuzi 2.5 hasi (juu ndani), alaimenti ya maana, pedi na mafuta ya breki ya moto mkali. Tairi sasa inalika sawa na muda umerudi, tena umepungua kidogo. Yaani lile tatizo langu la mwanzo lilikuwa kemba! Hakuna mtu aliyeniambia, kwa sababu kemba pleti haina kliki za kuonyesha kwenye picha.

Sijasema koilova zote ni mbovu, msije mkanirukia. Waliofunga KW V3 wana kitufe cha kompresheni peke yake na cha rebaundi peke yake, Bilstein wana shokapu ya B8 iliyofupishwa makusudi kwa ajili ya gari iliyoshushwa na B6 ya urefu wa kawaida, hao angalau wamekaa chini wakafikiria. Mimi nalia na hawa wa boksi la rangi rangi.

Nikipata hela nitarudi sokoni, ndo maana nauliza. Mwenye kitu cha kuuza aje na majibu haya: nikishusha milimita 15 inabaki safari kiasi gani kabla ya mpira, karatasi ya kipimo cha dampa ya jozi hiyo hiyo ninayonunua na sio ya katalogi, na bodi ya chini inarekebishika au ni kikombe tu. Kama huna hivyo, inbox yangu usiije. Na wewe uliyeniuzia najua unasoma humu, jozi yako iko kwenye boksi, kushoto na kulia nimeziandika kwa maka peni ili usichanganye.