Lipu imevimba chini ya dirisha na juu ya msingi: nibomoe au nipige niru?

Mpangaji_Isevya:
Wakuu habari. Nyumba iko Isevya, Tabora. Msingi ni wa mawe, kuta ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Chini ya dirisha kipande cha kama mita moja ya mraba kinalia kopokopo kikigongwa, ila hakijadondoka. Halafu kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti lipu imevimba, ukiigusa inamwaga unga mweupe. Naweza kupiga niru (ule uji laini wa saruji wa kumalizia) juu kabla mvua za Novemba hazijaanza?

Mwiko na Karai:
Niru usithubutu mkuu. Panapolia kopo lipu imeshaachana na tofali, na niru itadondoka nayo.

Gonga kwa mpini wa nyundo, chora mpaka kwa chaki, toa yote kwa tindo na uingie sentimita 5 kwenye lipu nzima. Kingo zikate wima. Zikiishia kwa wembamba ndizo zinazonyanyuka kwanza. Viungo vya udongo vikwangue sentimita 1 hivi ili lipu ipate pa kung'ata, kisha piga brashi ya waya.

Tofali za kuchoma zinakunywa maji sana. Lowesha jioni, rudia asubuhi, subiri maji yanayong'aa yaishe. Rusha uji mzito wa saruji na mchanga 1:2, uache na ukwaru wake hadi kesho yake. Ndipo lipu 1:5, unene milimita 15. Kwa mita moja ya mraba ni ndoo ya lita 20 ya mchanga na lita 4 za saruji. Saruji ya daraja la nguvu 32.5, iliyoandikwa kwenye mfuko, inatosha.

Chokaa Kwanza:
Hapo sakafuni hadi gotini ni ugonjwa mwingine. Ule unga ni chumvi: maji yanapanda kutoka msingini, yakikauka ukutani yanaiacha, nayo inasukuma lipu. Anzia nje. Udongo uliorundikana ushushe hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na maji ya bati yasidondokee pale.

Chumvi ifagie kavu, ukiiosha unairudisha ndani. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, kisha piga saruji 1, chokaa ya ujenzi 1, mchanga 6. Wengi hukimbilia 1:3 wakidhani ni dawa. Ile inaziba tu, unyevu unapanda juu zaidi. Rangi ya mafuta vilevile.

Mpangaji_Isevya:
Shukrani. Fundi anataka wavu wa kuku ukuta mzima.

Mwiko na Karai:
Kwa tofali za kuchoma ni gharama ya bure. Wavu ni wa tofali mbichi, au pale mbao inapokutana na tofali.

Pesa hiyo weka kwenye mchanga. Jaza nusu chupa, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, tafuta mwingine, la sivyo utapata nyufa za utando wa buibui. Na kwa jua la Oktoba hapo Tabora, nyunyizia maji asubuhi na jioni siku 7.