Tupeane uzoefu: mwanafunzi wa MEMKWA unajuaje kama amepiga hatua?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Nafundisha MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa), Kundi la Kwanza, yaani la wadogo, shule ya kijijini. Kwa wasioujua, mpango huu ulianza kwa majaribio mwaka 1999, kwa ajili ya watoto waliokosa shule au walioiachia njiani. Wa kundi langu wakiiva wanafanya mtihani wa darasa la nne, wakifaulu wanaingia la tano na wenzao.

Nilimpokea kijana wa miaka 12, muuza karanga stendi. Siku ya kwanza nikamwandikia ubaoni 1000 − 400. Akajibu 1400. Nikafuta, nikamuuliza kwa mdomo: mteja kakupa buku, kachukua pakiti mbili za mia mbili mbili, chenji? Sijamaliza sentensi: "Mia sita, mwalimu. Ila ukichukua tatu nakuongeza kidogo." Darasa zima likacheka.

Sasa huyu nimpe sifuri? Nilichora safu mbili, ya mdomo na ya maandishi. Mkuu wa shule anataka alama moja tu, kwa asilimia. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mwezeshaji wa QT
Mimi niko njia mbadala ya sekondari. Wanafunzi wangu wengi ni mabinti wenye watoto. Waraka wa 2021 uliwaruhusu kurudi shule za kawaida, ila wapo wanaoona huku ndiko kunakowafaa. Presha yetu ni QT, mtihani wa maarifa: asiyeuvuka hasajiliwi mtihani wa kidato cha nne.

Nilikuwa na binti mmoja, Hisabati yake kila mwezi inashuka. Nikamwandikia "hana juhudi". Baadaye nikafungua daftari la mahudhurio, nikaona Jumatano zote hayupo. Jumatano ni gulio, anauza ndizi. Na majaribio ya Hisabati nilikuwa nayaweka Jumatano, mimi mwenyewe! Nikahamishia Alhamisi. Hakuwa wa kwanza, lakini hakuwa yule niliyemwandika. Tangu hapo sitoi maoni kabla ya kuangalia mahudhurio.

Zao la Kundi la Pili
Mimi nimepitia MEMKWA, kundi la wakubwa, niliingia na miaka 15. Walimu, naomba mnisikie: msitupime hadharani. Siku ya kwanza nilisomeshwa kitabu cha darasa la kwanza kwa sauti, na mdogo wangu alikuwa dirishani anachungulia. Wiki nzima sikurudi.

Aliyenirudisha ni mwalimu mwingine. Karatasi ya kwanza niliyoandika jina langu aliitunza, herufi S ikiwa imegeuka. Mwezi wa sita akaniita pembeni, akanipa niandike tena, akaziweka mbili pamoja mezani. Hakusema kitu. Ile karatasi ninayo hadi leo.

Mwalimu wa Nairobi
Huku kwa shule zetu za mitaa ya mabanda, mtaala mpya ulituletea viwango vinne: kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, na chini ya matarajio. Nikaona afadhali, hakuna kumvunja mtoto moyo. Nikawaweka karibu wote "anakaribia". Mama mmoja akanijia: "Mwalimu, anakaribia wapi? Amekaribia tangu Januari."

Sikuwa na jibu.

Wa darasa la tano
Samahanini, nitawaudhi. Mimi ndiye ninayewapokea hao watoto. Mtihani wa taifa hauna safu ya mdomo. Mmoja alikuja na ripoti nzuri sana, "mchangamfu, ana uelewa". Nikampa aya ya mistari sita, dakika tano hajaimaliza. La tano hakuna karanga, kuna vitabu. Mkimsifu kwa anachokijua tayari, mnaniachia mzigo, na yeye ndiye anayeaibika mbele ya wenzake.

Mwanzisha mada
Mkuu, hapo umenishika pabaya. Kijana wangu baada ya miezi minne alikuwa anatoa kwa maandishi bila shida, tena hadi tarakimu nne. Nikafurahi, nikajisahau. Kusoma sikumpima tena tangu alipomaliza silabi. Jana baada ya kusoma ujumbe wako nikamketisha chini ya mwembe, peke yake, na aya fupi na saa ya simu. Dakika tatu na nusu, na maneno manne karuka.

Nimeongeza safu ya tatu. Asilimia ya mkuu wa shule nitampa, ila nambandikia na hiyo karatasi nyuma.

Mwezeshaji wa QT
Mahudhurio yake je?

Mwanzisha mada
Jumatatu hadi Alhamisi yupo. Ijumaa mabasi yanajaa.